Wahesabiwe Watoto, Magari Yapite

Ufadhili wa utafiti kuhusu idadi ya watu na mabadiliko ya tabianchi una adabu zake: ni rahisi mtafiti kulipiwa akawaulize akina mama wa Niger wana watoto wangapi, si rahisi kulipiwa akawaulize akina baba wa Houston wana magari mangapi. Niger ni kweli iko miongoni mwa nchi za kileleni kwa uzazi, takriban watoto 6 kwa kila mwanamke. Lakini Mmarekani mmoja hutoa takriban tani 14 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, na mtu wa Niger hafikishi hata robo tani. Wapime mama, baba na watoto wao saba kwa pamoja: hawamfikii dereva mmoja wa Texas.

Atatokea wa kusema kwamba wingi wa watu kwenye ardhi kame huzidisha njaa na ugomvi wa maji. Kweli kabisa, na anayetaka uzazi wa mpango apewe, ni haki yake. Ila hiyo ni habari ya anayeumia, si ya aliyechafua, ingawa kwenye maombi ya fedha wawili hao hupewa kichwa kimoja cha habari. Baadaye mtafiti huitwa ng'ambo ya Atlantiki kuwasilisha matokeo, na ndege ya kwenda na kurudi humwongezea yeye peke yake kaboni ya miaka kadhaa ya mama aliyemhoji. Kwenye ripoti, hiyo huandikwa chini ya nauli na posho.