Sifa za Umeme Unaopepesa

Miongoni mwa maadui wa kompyuta za viwandani, yaani zile zinazosoma sensa na kuamuru vali, pampu na mota bila kungoja mkono wa binadamu, vumbi, joto na unyevu vimekwisha kulaaniwa vya kutosha, na giza la mgawo limelalamikiwa hadi bungeni. Ila yuko mmoja ambaye hajapewa heshima anayostahili, naye ni umeme unaopepesa. Kupepesa ni kule kushuka kwa volteji kwa sehemu ndogo ya sekunde na kurudi mahali pake, tukio fupi kuliko kufumba na kufumbua, ambalo taa hulikonyeza tu na watu wa ofisini wakaendelea na chai yao.

Nasaba yake ina pande mbili. Upande unaotajwa hadharani, yeye ni mtoto wa radi iliyopiga laini mbali na kiwanda, au wa tawi la mwembe lililosukumwa na upepo hadi likagusa waya. Upande unaofichwa, huzaliwa ndani ya uzio wa kiwanda chenyewe, pale mota kubwa ya kinu inapowashwa moja kwa moja na kuvuta mkondo unaoweza kufikia mara sita ya ule wa kawaida. Hivyo meneja anayeliandikia shirika la umeme barua kali yenye nakala nyingi huenda anamshtaki mwanawe wa kumzaa, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Fadhila yake ya kwanza ni elimu. Umeme wa gridi wa hezi 50 hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 20, na kiwango cha kimataifa IEC 61131-2 kinaitaka kompyuta ya udhibiti istahimili kukosa umeme huo kwa nusu mzunguko, yaani milisekunde 10, kwa akiba iliyohifadhiwa katika kapasita za pawasaplai, kisanduku kinachogeuza umeme wa gridi kuwa umeme mdogo ulionyooka unaofaa kompyuta. Kiwanda ambacho kikao cha saa mbili huanza saa nne kimelazimika, kwa ajili ya mgeni huyu mmoja, kuhesabu muda kwa sehemu za elfu za sekunde.

Fadhila ya pili ni ukarimu, maana kwa kumhofia yeye kompyuta huwekewa betri za akiba. Nazo betri za risasi na asidi, ambazo maisha yake hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, hudai kiyoyozi. Kiyoyozi nacho hukausha hewa, na hewa iliyokauka kupita kiasi hukusanya chaji tuli katika mwili na nguo za mtu, ambayo inaweza kuunguza saketi kwa cheche isiyohisiwa hata na kidole, hivyo unyevu nao hupimwa, milango ikazibwa na hewa ikachujwa. Ndivyo mwendeshaji wa tanuri la saruji, ambaye mali yake huiva kwa nyuzi zipatazo 1450, alivyojaliwa kukaa akiwa amevaa sweta. Ubaridi huo haukununuliwa kwa ajili yake, lakini hakuna aliyewahi kuukataa kwa sababu hiyo.

Fadhila ya tatu, iliyo kuu, ni kusema kweli. Anapopita, kontakta, ambazo ni swichi za sumaku zinazoshikilia mota, huachia kabla kompyuta haijatikisika. Kompyuta iliyolelewa kwa betri na ubaridi hubaki macho, ikiandika kwa uaminifu, tukio kwa tukio, kwamba hakuna tena kinachozunguka. Wakati huo tanuri refu lililojaa moto, ambalo likiachwa limesimama hupinda kwa uzito wake, hungoja kuokolewa na injini ndogo ya dizeli isiyo na kiyoyozi wala sweta. Funzo lililomo, kwamba kumlinda mwenye kutoa amri bila kuwalinda wanaozitekeleza ni kulinda nusu ya kazi, lingeweza kuwafaa wengi walio nje ya viwanda.

Wahandisi, kwa kukosa shukrani, hutumia fedha nyingi kumfukuza, wala hawafikiri itakuwaje akiondoka kweli. Betri huzeeka kimya kimya, na taa yake ya kijani inaweza kuendelea kuwaka ilhali nguvu iliyobaki haitoshi dakika moja. Fundi anayeipima kwa ratiba ni hazina, lakini ratiba huahirishwa, na mtahini asiyepokea udhuru ni huyu anayepepesa. Basi na aje mara kwa mara, akiwa mdogo na mchana, mafundi wakiwapo, ili siku nduguye mkubwa, giza lenyewe, atakapokuja usiku wa manane, akute kwenye kabati la betri karatasi ya ukaguzi yenye tarehe ya mwezi huohuo.