Nahodha wa Mfereji na Dirisha Linalovuja

Ukiwaambia jamaa zako wa Nungwi, Zanzibar, kwamba unakaa kwenye boti London, umeshajitia matatani. Wazee wataelewa kwamba umepatwa na mafuriko. Majirani wataelewa kwamba umenunua meli, na kabla Ijumaa haijafika mama yako atakuwa ameshapokea maombi ya watu wanaotaka uwapakilie friji, godoro la springi na injini ya Toyota. Chombo si chako? Nauli ya nini tena?

Ndivyo ilivyomfika kijana mmoja wa huko anayekaa na mkewe kwenye Regent's Canal, mfereji unaokatiza London ya kaskazini na kuteremka hadi Limehouse, ambako ulifika mwaka 1820. Ukoo mzima sasa unamwita Nahodha, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Yeye mwenyewe ameshachoka kueleza kwamba boti yake haivuki bahari, na kwamba hata huo mfereji maji yake, sehemu nyingi, ni ya kifuani. Ukizama, unasimama.

Boti yenyewe ni ya chuma, ndefu, na upana wake ni futi 6 na inchi 10, yaani kama mita 2.1. Sababu ya wembamba huo ni ya karne ya 18. Mhandisi James Brindley na wenzake walipochimba mifereji ya katikati ya Uingereza, malango mengi ya kupandishia na kuteremshia boti waliyapa upana wa futi 7 hivi. Boti zilizokuwa zikivutwa na farasi, zimejaa makaa ya mawe na vyombo vya udongo, zikakatwa kwa kipimo hicho. Farasi wameondoka, makaa yamekwisha, kipimo kimebaki. Kwa hiyo Nahodha akitaka kwenda jikoni na mkewe akitaka kutoka jikoni, mmoja wao lazima arudi kinyumenyume mpaka kitandani.

Tena hawakai mahali pamoja. Sheria ya mwaka 1995 inasema chombo kisicho na gati lake la kudumu kisikae sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, na Canal & River Trust, taasisi inayosimamia mifereji hiyo tangu 2012, huwa na watu wanaopita wakiandika namba za boti. Mwendo wa mwisho unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa. Mtu anayewahi swala anaipita. Wazazi waliosomesha mtoto ili atulie sasa wana mwana anayehamahama kwa mujibu wa sheria.

Haya yote Nahodha aliyavumilia. Kilichomshinda ni tone.

Lilianza kudondoka pembeni mwa dirisha la chumbani, upande anaolala mkewe, na tone likichagua upande wa mke, hilo si tatizo la ufundi tena. London kwa mwaka mzima hupata mvua ya kama milimita 600. Zanzibar hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Lakini masika ya nyumbani hupiga, yakaondoka, jua likatoka watu wakaanika. Mvua ya London hunyunya kuanzia asubuhi mpaka usiku bila kelele, na maji yasiyo na haraka hupata muda wa kutafuta tundu la sindano.

Akampigia simu ami yake, fundi wa majahazi.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Chombo kinavuja wapi?"

"Dirishani."

"Hicho chombo gani kina dirisha?"

"Cha kukaa, ami."

"Kukaa nani?"

"Mimi na mke wangu."

Kimya. Kisha: "Na chini?"

"Chini hakuvuji."

"Basi una chombo kinachovuja juu, chini kikavu. Nimeshona tanga, nimetia mkuku, nimezika mabaharia. Hilo sijaliona."

Ila fundi ni fundi. Ami alipomaliza kucheka alitoa agizo moja: kabla ya kugusa kitu, jua kwanza maji yanaingilia wapi, maana yanapotokea sipo yanapoingilia. Kwa boti za mfereji agizo hilo ni la dhahabu. Ndani ya kuta za chuma kuna fremu za mbao, kuna sponji au povu la kuzuia baridi, halafu plaiwudi. Maji yakipenya kwenye skrubu moja ya paa yanaweza kusafiri nyuma ya plaiwudi na kujitokeza mita kadhaa mbele, kwenye kona ya dirisha lisilo na hatia.

Kazi ya upelelezi ikaanza. Nahodha alikausha kila kitu, akapaka poda ya mtoto kwenye ubao chini ya kila dirisha, kwa kuwa hata tone dogo likipita juu ya poda huacha njia yake. Kisha akatoka nje na birika la kumwagilia maua. Hapa ndipo wengi huharibu: humwaga maji tangu juu, dirisha zima likalowa, na hakuna kinachojulikana. Inatakiwa kuanza na ukingo wa chini, kungoja, kupanda pembeni, kungoja, ndipo kumalizia juu. Mke akiwa ndani na tochi, mume nje na birika, wakawa wanapigiana kelele kupitia kioo, huku wapita njia na mbwa wao wakisimama kumtazama mtu anayemwagilia boti wakati wa manyunyu.

Matokeo yaliwaaibisha wote wawili. Dirisha la jikoni, ambalo nalo lilikuwa na maji, halikuwa likivuja kabisa. Ule ulikuwa mvuke wa pilau. Fremu za alumini za boti za zamani hupitisha baridi moja kwa moja. Unyevu wa hewa ukizigusa hugeuka maji, yakateremka mpaka kwenye mbao, na mwenye boti akanunua gundi ya kuziba kitu ambacho hakipo. Dawa yake ni kufunika sufuria na kufungua matundu ya hewa hata kukiwa na baridi. Mke alisema mvuke ni wa birika la chai la Nahodha, ambalo halishuki jikoni. Suala hilo halijaamuliwa mpaka sasa.

Dirisha la sebuleni lilikuwa na ugonjwa mwingine. Fremu zile zina vitundu vidogo upande wa nje, chini, vya kutolea maji yanayoingia kwenye mfereji wa kioo. Kuvu la kijani lilikuwa limeviziba, maji yakajaa ndani ya fremu na kufurikia chumbani. Kipande cha waya kikamaliza kesi.

La chumbani ndilo lililokuwa linavuja kweli.

Na hapo ilionekana kazi ya mwenye boti aliyetangulia. Yeye, kila lilipovuja, alipitisha silikoni kwa nje, kuzunguka ukingo wa fremu, akalainisha kwa kidole, akaenda zake. Mwaka uliofuata akapaka nyingine juu yake. Silikoni ni nzuri bafuni. Kwenye dirisha la boti ya chuma lililokwisha kuvuja ni balaa, na mtu anayeipaka kwa nje juu ya uchafu anajidanganya mchana kweupe. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani, rangi nayo haishiki juu yake, na maji yaliyokwisha kuingia nyuma hayana pa kutokea. Yanakaa humo na kula chuma. Isitoshe, kuta za boti hizi zimeinama kidogo kwa ndani zikielekea juu, ili boti isikwaruze chini ya madaraja ya tao. Kwa hiyo dirisha lake siku zote linatazama mbingu kidogo, na maji hutuama kwenye ukingo.

Ami alionyeshwa hayo kwa video. "Mbona kapaka juu ya ufa?" aliuliza. "Dawa inaingia ndani ya ufa." Mzee hajawahi kuona dirisha la namna ile maishani mwake, lakini wanaoandika vitabu vya ufundi wa boti hizi wangekubaliana naye: kizibo kinafanya kazi kikiwa kimebanwa kati ya fremu na chuma.

Basi fremu ikatolewa. Skrubu za ndani zilikubali baada ya kubembelezwa na mafuta. Fremu yenyewe ilikataa mpaka ilipochomekwa kisu chembamba pande zote. Ilipong'oka, ukuta ukabaki na shimo la mstatili, na kwenye midomo yake kutu ya rangi ya chungwa iliyovimba na kubanduka magamba. Kuta za juu za boti hizi kwa kawaida ni bati la chuma la milimita 4 tu. Bati la chini kabisa ndilo hupewa 10. Hakuna unene wa kuchezea. Alikwangua silikoni yote, akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akapangusa kwa spiriti, akapaka rangi ya kuzuia kutu.

Kisha ikabidi kungoja ikauke, na nchi ile kungoja kitu kikauke ni ibada. Usiku ulipoingia shimo lilifunikwa kwa nailoni na mkanda wa gundi. Upepo ukawa unaipiga nailoni usiku kucha, na alfajiri bata maji mmoja alichungulia pembeni palipobanduka, akawatazama wenye nyumba kitandani kwao, akasema neno, akaondoka.

Kilichowekwa safari hii ni utepe wa butili. Huuzwa kwa roli, una rangi ya kijivu au nyeusi, umebandikwa karatasi upande mmoja, na sifa yake kubwa ni kwamba haukauki ukawa mgumu. Boti ya chuma hutanuka juani na kusinyaa kwa baridi, alumini ya fremu nayo ina mwendo wake. Kizibo kigumu huchanika, butili hufuata. Baridi huufanya mzito, hivyo mke aliupasha kwanza kwenye tumbo la birika, lile lile lenye kesi. Ukabandikwa kuzunguka fremu bila kuvutwa, ncha zikakutana zikafinywa pamoja, fremu ikarudishwa tunduni.

"Usikaze!" ami alipiga kelele kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. "Kaza kidogo huku, kidogo kule, mkabala. Kesho rudi tena."

Ndivyo inavyotakiwa. Ukikaza skrubu zote mara moja, utepe wote hubanwa ukatoka nje na fremu ikapinda. Ukikaza kwa zamu kwa siku kadhaa, butili hutambaa taratibu mpaka kwenye kila kibonde, na inayochomoza nje hukatwa kwa kisu. Ami alikuwa akisimamia kwa uzoefu wa kalafati: pamba inayolowekwa mafuta na kusindikwa kwa patasi na nyundo katikati ya mbao za jahazi, kidogo kidogo, ubao hadi ubao, kabla ya deheni ya chokaa na shahamu kupakwa chini ya chombo. Alipendekeza sifa pia, mafuta ya papa. Mke wa Nahodha, anayeijua harufu hiyo tangu utotoni, alisema siku ikiingia humo yeye anatoka.

Poda ikapakwa tena, birika likamwagwa tena, poda ikabaki kavu. Muda wao wa kukaa pale ulikuwa unakwisha, kwa hiyo wakafungua kamba na kusogea mbele kwa mwendo wao wa harusi.

Jioni ami akapiga tena. Safari hii alikuwa mpole mno, akauliza hali ya kila mtu hadi ya bata, kisha akakohoa. Kuna boti ya watalii hapo Nungwi, ya faiba, ina vioo mbele, inavuja tangu Ramadhani, na fundi aliyeitwa ameshapaka silikoni. Je, zile roli za utepe huuzwa bei gani, na kuna anayekuja likizo mwezi ujao ambaye begi lake lina nafasi?