Kabla ya Yote, Funga Maji

Mtaani kwetu kila mtu ana kazi yake na shughuli ya pembeni. Shughuli yangu haina mshahara: nasahihisha video za mafunzo. Jinsi ya kupika vitumbua, jinsi ya kutengeneza bomba, jinsi ya kufunga tai, jinsi ya kuondoa doa la mafuta kwenye kanzu. Natazama mpaka mwisho, kalamu mkononi, kisha natoa alama. Mke wangu anasema nina muda mwingi. Ni kweli ninao, ila wote unaishia kwenye utangulizi.

Tuanze basi na huo utangulizi. Video ya kwanza kabisa kuwekwa YouTube, Aprili 2005, ina sekunde 19. Kijana kasimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, anasema tembo wana mikonga mirefu sana, basi, kamaliza. Leo sekunde 19 hazimtoshi mtu kutaja jina la chaneli yake. Atakusalimu, atawasalimu walio ughaibuni, atakuomba ubonyeze kengele, kisha atakusimulia alivyofundishwa pishi hili na shangazi yake, na shangazi naye alivyoolewa. Sababu ipo, na haihusiani na mapenzi kwa shangazi. Tangu Julai 2020, video ikifika dakika 8 mwenye chaneli inayolipwa anaweza kuweka matangazo katikati. Kabla ya hapo zilitakiwa dakika 10. Ukimwona mtu anakoroga unga bila kuchoka huku hadithi ya shangazi ikiendelea, jua anayekorogwa ni wewe. Utangulizi naupa alama 10, na kila salamu inayozidi ya kwanza inapunguza moja. Wengi huwasha jiko wakiwa tayari wananidai… samahani, nikiwa nawadai mimi.

Baada ya hapo ndipo zinaanza hatua, na hatua ndizo zilizomlowesha jirani yangu.

Bomba la jikoni kwake lilikuwa linavuja tone moja moja, usiku kucha. Fundi alishapigiwa simu akasema yuko njiani, mahali ambapo mafundi wengi wa Dar es Salaam wana makazi ya kudumu. Jirani akaamua kujitengenezea mwenyewe kwa msaada wa video, nami nikapewa cheo cha kushika simu. Video ilikuwa nzuri, hilo sitamnyima mtu: picha angavu, spana inang'aa, fundi kavaa saa ya dhahabu. Hatua ya kwanza, legeza nati. Jirani akalegeza. Hatua ya pili, toa kichwa cha bomba. Jirani akatoa. Maji yakapiga dari, yakashuka, yakaanza kutafuta njia ya sebuleni. Mwenzangu kaziba tundu kwa kiganja, kanikodolea macho, anapiga kelele: "Hatua ya tatu anasemaje? Jamani, ya tatu anasemaje?"

Nikaangalia simu. Hatua ya tatu ilikuwa tangazo la mikopo ya haraka. Lilipokwisha, yule fundi akarejea, mkavu, katulia, sauti ya upole: "Na kumbuka ndugu mtazamaji, kabla ya yote, funga maji kwenye koki kuu."

Nimemfikiria sana yule fundi. Hakukusudia kutuzamisha. Maji yake aliyafunga mapema, kabla kamera haijawashwa, na jambo lililofanyika kabla ya kamera halikuhesabika kuwa hatua. Ndio ugonjwa ninaoukuta kila siku katika usahihishaji wangu. Aliyeizoea kazi, mikono yake imeshafanya nusu kabla mdomo haujafunguka, na kamera hufuata mdomo. Matokeo yake video nyingi zinathibitisha tu kwamba huyo bwana anajua kazi. Ni sawa na video ya harusi: inaonyesha bila shaka yoyote kwamba ndoa imefungwa, lakini hakuna aliyejifunza kuishi na mke kwa kuitazama.

Kosa la pili ni pale kamera inaposimama. Tai ndiyo inayoliumbua. Mwalimu anakukabili ana kwa ana, anasema ncha pana iwe upande wa kulia. Kulia kwake au kulia kwangu? Kamera ya mbele ya simu moja huigeuza picha kama kioo, ya nyingine haigeuzi, naye hasemi ya kwake ni ya aina gani. Asubuhi ya harusi ya binamu yangu, wasindikizaji wa bwana harusi walijipanga mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Nusu wakafuata kulia kwa mwalimu, nusu wakafuata kulia kwao. Mmoja akatokea na fundo zuri sana lenye ncha nyembamba magotini na ncha pana kidevuni. Gari likaanza kupiga honi. Ikabidi aitwe mjomba, karani mstaafu, ambaye alisimama nyuma ya kila kijana, akapitisha mikono juu ya mabega yake na kumfunga bila kusema neno. Kamera ingekaa pale yalipokuwa macho ya mjomba, mtazamaji angeona mikono inayofanana na yake, kulia ni kulia, na bwana harusi asingechelewa kanisani. Siku hizi video yoyote ya kazi ya mikono iliyopigwa kutoka begani naipa alama 20 kabla sijasikia inasema nini.

Upande wa mapishi, maji hayapigi dari, ila hasara ni ile ile. Chukua vitumbua. Mchele kiasi, sukari kiasi chako, hamira kiasi, tui la kutosha. La kutosha nini? Anayejali kidogo hupima kwa kikombe, na kikombe chenyewe anakuonyesha: kina ua jekundu na kiko kabatini kwake. Kisha linakuja lile ninaloliita ruka la kichawi. Mchele unaingia kwenye blenda, muziki unapanda, picha inakatwa, na papo hapo unaona bakuli la rojo lililojaa mapovu. Katikati ya picha hizo mbili kuna usiku mzima wa kuloweka mchele na muda mrefu wa kusubiri hamira ifanye kazi. Vyote vimemezwa na wimbo.

Wengine, kwa uungwana, hutaja muda. "Acha rojo liumuke saa moja." Maneno hayo yalisemwa na dada aliyekuwa Dar es Salaam, feni ikisikika nyuma yake, na yakafuatwa na shemeji yangu aliyeko Njombe, mwezi wa Julai, kavaa sweta mbili. Baada ya saa moja akanitumia picha: rojo halina hata povu la kusingizia. Hamira huchangamka penye joto na kujivuta penye baridi, ila shemeji hakuambiwa hivyo. Akaamua kwamba hamira imekufa, akaongeza nyingine, kisha akakata tamaa akalala. Alfajiri akalikuta rojo limevuka ukingo wa bakuli, limeshuka mezani, limefika kwenye madaftari ya watoto. Video hiyo hiyo ilitaka maji ya uvuguvugu. Dar es Salaam mwezi wa Februari bomba lenyewe hutoa uvuguvugu bila kuombwa. Njombe lazima uyapashe, na ukiyapasha yakawa moto sana, hamira inakufa kweli.

Dawa ya ruka la kichawi ilipatikana zamani. Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza maisha ya kazi kwa kujenga kuta za matofali, alishirikiana na mkewe Lillian kupiga filamu wafanyakazi wakiwa kazini, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani ya picha waliweka saa yenye kuonyesha vipande vidogo mno vya dakika. Mtazamaji hakuhitaji kuambiwa kazi imechukua muda gani; aliuona muda ukipita mbele yake. Ukiwa na saa ukutani huwezi kuuficha usiku mzima chini ya wimbo.

Mtazamaji naye alikuwa na kinga kidogo: idadi ya vidole gumba vilivyoelekezwa chini. Ukiona vimejaa, unajua kuna watu walishalowa. Novemba 2021 YouTube ikaificha idadi hiyo, akabaki kuiona mwenye video peke yake. Sasa walioharibikiwa hawana pa kuwaonya wenzao ila kwenye maoni, na maoni yenyewe yamejaa "Mashallah dada, kucha zimekutoa."

Kwa kuwa mtu akisema sana huambiwa afanye yeye, nikaamua kusimamia video ya mfano. Nilimfuata bibi anayeuza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, ambaye foleni yake huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Mpiga picha alikuwa mjukuu wake wa kike aliyemaliza kidato cha nne. Masharti nikayasoma kwa sauti: kamera begani, muziki hakuna, salamu moja, saa ya ukutani iwe ndani ya picha, na kila tutakapokata, saa ionyeshe tumekata kiasi gani. Hata mchele tuliupiga picha usiku ukiingia majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo saa ya nini?"

"Watu wajue kitumbua kinakaa dakika ngapi kabla ya kugeuzwa."

"Kitumbua hakisomi saa. Ukiona ukingo umekauka na juu pametoboka matundu, kigeuze."

Nikaandika. Sentensi moja, na ndani yake kulikuwa na kila kitu alichokikosa shemeji Njombe. Saa inamwambia mtazamaji kilichotokea jikoni kwa bibi. Matundu yanamwambia kinachotokea jikoni kwake. Nikabadilisha karatasi yangu ya usahihishaji pale pale: saa alama 10, dalili alama 30.

Vipimo vilitutoa jasho zaidi. Bibi anapima kwa kopo lililokuwa la maziwa ya unga, lililobonyea upande mmoja, na hamira anaichota kwa ncha za vidole vitatu. Nikaanza kumimina kila kopo kwenye jagi lenye mistari, na hamira nikaikinga kwenye kijiko kabla haijaanguka bakulini. Bibi akaniuliza kama nimetumwa na Wakala wa Vipimo.

Kisha tukafika kwenye chuma. Mafuta yakaingia, rojo likaingia, matundu yakatoka kama alivyosema, akapitisha kijiti. Kitumbua hakikuzunguka. Akajaribu cha pili. Nusu kikatoka, nusu kikabaki shimoni. Mkupuo mzima ulikuwa umeshika. Mjukuu akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Endelea," nikamwambia.

Bibi hakuhangaika. Akakwangua mashimo kwa kijiko, akayafuta kwa kitambaa kikavu, akapaka mafuta upya, akakiacha chuma kipate moto. Akadondosha tone moja la rojo, akasikiliza. Halikulia vya kutosha, akasubiri. Akadondosha lingine, likalia papo hapo, akaitikia kwa kichwa na kuanza kumimina. Mkupuo uliofuata ulizunguka wenyewe kwa kuguswa tu.

Nilisahihisha video nyingi sana za vitumbua kabla ya siku ile, na zote vitumbua vyake vilitoka vizima tangu cha kwanza. Sasa nilikuwa nimeona chuma kikishika, na nimeona mtu anafanyaje kikishika. Tulipokaa kuitazama, bibi akafunga mtandio wake vizuri, akatazama kimya mpaka pale penye nusu kitumbua.

"Hapo pa kushika mpatoe."

"Bibi, hapo ndipo penye somo. Hakuna mwingine anayeonyesha hapo."

"Ndiyo maana wao wana wateja."

Mjukuu akanitazama mimi, akamtazama bibi yake, kidole kikiwa hewani. Nikamweleza habari za shemeji, rojo mezani, madaftari ya watoto. Nikamweleza na jirani alivyoziba bomba kwa kiganja. Bibi akacheka mpaka akajifuta macho, halafu akarudi kwenye biashara.

"Haya, pabaki. Ila muandike hapo chini, kwa herufi kubwa: chuma ni cha kuazima."