Sifa za CD Iliyochubuka

Mabibi na mabwana wa Rissne, na wote mlio popote Kiswahili kilipofika kwa ndege, nimesimama kumsifu kiumbe aliyedharauliwa kuliko wote nyumbani mwangu: CD. Simsemei CD mpya inayong'aa. Huyo hana haja ya wakili. Namsemea yule aliyechubuka, aliyeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "Bhalo 3, USIGUSE", aliyenakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, ambayo mama yake mzazi alinunuliwa Mbwana Radio Service, Mombasa. Ukisikiliza vizuri, nyuma ya sauti ya Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, mvumo wa kanda zote umo, na mahali fulani mtu anakohoa.

Nasaba yake si haba. CD iliingia sokoni 1982, ikiwa na upana wa sentimita 12 na nafasi ya dakika 74, na miongoni mwa za kwanza kabisa kutoka kiwandani Langenhagen, Ujerumani, ilikuwamo The Visitors ya ABBA, bendi ya mji huu huu wa Stockholm. Kituo chetu cha treni hapa Rissne nacho kilifunguliwa 1985. Ukutani pake imechorwa historia ya ulimwengu, tangu Misri ya mafirauni mpaka mwaka huo wa 1985, na ukiwa unasubiri treni ya Hjulsta unaziona dola zikipanda na kuporomoka bila haraka. Baada ya hapo ukuta umekwisha. CD iliwahi kuzaliwa ndani ya historia; iPod, iliyokuja 2001 ikijigamba kwa nyimbo 1,000 mfukoni, imezaliwa nje ya ukuta, na kwa mujibu wa kituo cha Rissne haijatokea.

Fadhila kuu ya CD iliyochubuka ni kuruka. Itie ndani ya Discman, toka nayo njiani, kanyaga kwa kishindo mara moja tu: Bhalo anakatwa katikati ya neno, anavuka beti mbili, au anabaki kwenye silabi moja mpaka uombe radhi. Kwa hiyo mwenye CD hii hujifunza kutembea. Na Rissne, mwezi wa Januari, hakuna elimu kubwa kuliko hiyo. Barafu inalala juu ya njia tangu kituoni hadi mlangoni. Changarawe inamwagwa, ndiyo, lakini usiku kunayeyuka kidogo, kunaganda tena, na asubuhi changarawe iko chini ya kioo, unaiona tu.

Mwendo wenyewe ni huu: magoti yamelegea, hatua fupi, wayo wote unatua kwa pamoja, mkono wa kulia umetangulizwa na mashine juu ya kiganja, kama bibi harusi wa Unguja anayetolewa ndani hina haijakauka. Ndio mwendo ule ule ambao watu wa afya huku huwasihi wazee kila msimu wa baridi, bila kusikilizwa. Mimi sikusihiwa. Nilichapwa na silabi. Majirani waliohamia kwenye vidude visivyoruka walipita kwa madaha, kifua mbele, na nimewaona wakienda chini wazima wazima, muziki ukiendelea masikioni mwao bila kukosa hata nukta. Nyonga yangu bado ni ile ya kiwandani.

Ndiyo maana napendekeza Mkoa wa Stockholm uanze kutoa CD zilizochubuka kwa cheti cha daktari. Kijana, michubuko mitatu. Aliyepita miaka 50, saba. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu apewe ile ambayo mtoto ameifanya gurudumu la gari sebuleni, na aisikilize kutwa mara mbili, kwenda dukani na kurudi.

Fadhila nyingine ni za rejareja. Haitaki nenosiri wala kitambulisho cha BankID. Ukiitundika barazani kwa uzi, njiwa hawatui. Haikupendekezei kitu.

Lakini lile kasha! Nani alilibuni lile kasha? Vile vimeno vya katikati vinavyokatika siku ya kwanza, kisha CD inabaki ikitembea humo ndani na kujichubua yenyewe. Na ndugu zetu wanaoazima, wakarudisha kasha limefungwa kwa heshima zote, ukifungua unakuta masomo ya Kiswidi, sehemu ya pili! Sehemu ya pili! Ya kwanza wameipeleka wapi? Na Bhalo 2 yangu yuko nyumba gani usiku huu?

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Mpwa wangu alizaliwa huku na ana huruma na mimi. "Mjomba, shikamoo, lakini chagua kimoja," akaniambia. "Simu inatosha. Hizi CD zitupe." Yeye alianza na kile kidude cha MP3 cha Jens of Sweden, akaenda iPod, na Apple ilipoacha kuitengeneza 2022 alikuwa keshahamia simu siku nyingi. Kila alipohama aliacha nyimbo nyuma. Nikamtii. Nikaanza kukodi nyimbo kwenye simu, maana huko si kununua: unalipa kila mwezi haki ya kusikiliza mpaka watakapobadili nia. Ijumaa moja nyimbo tatu zikapauka. Majina yapo, ukiyagusa hayasemi. Nikaiandikia kampuni, ambayo jina lake nalihifadhi, nikajibiwa na roboti kwa Kiswidi fasaha kwamba haki za kazi hizo zinashughulikiwa. Zinashughulikiwa na nani? Wimbo umerekodiwa arusini, mwenye arusi ana wajukuu!

Tena angalia hesabu za hawa wakodishaji wa nyimbo. Kwa Spotify, iliyozaliwa Stockholm 2006, usikilizaji huhesabiwa ukifika sekunde 30. Chukua wimbo wa Ikhwani Safaa, klabu ya Unguja ya tangu 1905: sekunde 30 zinakwisha fidla na kanuni zikiwa bado kwenye salamu, mwimbaji hajafungua kinywa. Dakika kumi na zaidi zinazofuata ni sadaka. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Fungu lake linaingia kwenye chungu cha waliofikisha. Mtu wa Lamu akisikilizwa mara 999, na watu waliokaa kitako wakasikiliza mpaka mwisho, anachangia mfuko wa nyota wa Marekani. Halafu inaitwa fursa kwa wasanii wadogo.

Mpwa anasema angalau sasa hakuna wizi, si kama Kariakoo, Dar es Salaam, ambako TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ililazimika kuanza kubandika stempu kwenye CD na DVD mwaka 2013. Ni kweli, yule kijana wa mezani Kariakoo alikuwa mwizi. Aliiba wimbo mzima, akaniuzia mara moja, akanirudishia chenji, na hakuwahi kunitumia barua yenye kichwa cha "Habari njema kwako" katika mwezi aliopandisha bei.