Sahihi ya Soda

Wanaotaka kusimamisha mitambo ya upepo huku kwetu Naro Moru wakaribie. Upepo tunao; ukishuka kutoka mlimani humvua mzee kofia bila kuuliza ni wa chama gani. Tunaomba tu watuite barazani kabla ya kreni kufika.

Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, na kweli tunashirikishwa. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, unasomewa ripoti nene kwa Kiingereza cha mawakili, kisha unapewa soda na mkate. Sahihi hiyo ya soda ndiyo hupanda gari kwenda Nairobi, na ikifika Thika tayari inaitwa ridhaa. Cucu aliyeuliza, "Na viazi vyangu je?" huandikwa kuwa alichangia kwa furaha.

Majirani zetu wa Kinangop walikataa. Mradi wao wa megawati 60.8 ulifia kwenye makaratasi mwaka 2016. Kule Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilijengwa. Oktoba 2021 mahakama ya Meru, ng'ambo ya mlima huu huu, ikasema hatimiliki za ardhi ya mitambo hiyo, ekari 150,000, zilitolewa bila kufuata sheria. Yaani feni zilikuwa zimezunguka miaka mitatu ndipo ikakumbukwa kwamba shamba lina wenyewe.

Tukiitwa nitakuja, tena mapema. Soda nitakunywa. Kalamu nitaiacha nyumbani.