Barua ya wazi kwa FA: tunaomba bei elekezi ya pointi moja

Waheshimiwa viongozi,
Chama cha Soka cha Uingereza, FA,
Uwanja wa Wembley, London.

YAH: MAOMBI YA BEI ELEKEZI YA POINTI MOJA

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Kwanza poleni na majukumu. Kuandika kanuni za soka tangu 1863 si kazi ya mchezo. Sisi huku ni wanafunzi wenu waaminifu: kila Jumamosi tunabanana kwenye vibanda umiza kuangalia ligi yenu, na kanuni zetu nyingi zina damu yenu. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba pointi za mezani ni ugonjwa wetu wenyewe. Mwaka 2017, kwenye ligi yetu ya Tanzania, Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1. Kamati ya Saa 72, inayopitia mechi za ligi hiyo, ikawapa Simba pointi kwa madai kwamba Kagera walichezesha mchezaji mwenye kadi tatu za njano, kisha kamati nyingine ikazirudisha Kagera. Nchi nzima ikageuka wanasheria, na wazee vijiweni wakasikitika: mambo haya kwa Waingereza yasingetokea.

Kumbe walimu mlishatutangulia. Tena hamkufanyia Old Trafford, ambako kamera zimejaa. Mlifanyia huko chini, kwenye madaraja yaliyo nje ya ligi nne za kulipwa, ambako katibu wa klabu ni mtu wa kujitolea. Mchana ana kazi yake ya kumlisha. Jioni anasajili wachezaji, anajibu barua zenu, anahesabu kadi za njano na kuandika notisi ya siku saba kwa klabu ambayo mchezaji wake anamtaka. Siku ya mechi anauza tiketi za bahati nasibu, na mapumziko akionekana ameshika birika la chai, msishangae. Karatasi moja ikimponyoka huyo, msimu mzima unakwenda na maji.

Tuchukue Wimbledon. Mwaka 2002 tume mliyoiteua iliruhusu klabu ya Wimbledon ing'olewe kusini mwa London ipelekwe Milton Keynes, zaidi ya kilomita 80 kutoka kwa mashabiki wake. Mashabiki walipotaka kuanza upya na klabu yao, tume ikaona wazo hilo halina maslahi kwa soka kwa ujumla. Wakaianzisha hivyo hivyo, AFC Wimbledon, mali ya mashabiki wenyewe, wakaanza kupanda kutoka ligi za mitaani.

Msimu wa 2006/07, wakiwa Ligi ya Isthmian, walimsajili beki Jermaine Darlington, aliyewahi kuichezea Wimbledon ya zamani. Klabu aliyotokea ilikuwa Cardiff City, na Cardiff iko Wales. Cardiff inacheza ligi za Uingereza, inapanda nazo na kushuka nazo, lakini makabrasha yake yalikuwa chini ya chama cha Wales. Kwa hiyo beki huyu, aliyevuka mpaka ambao hata dereva wa lori haulizwi pasipoti, alihitaji ITC, hati ya uhamisho wa kimataifa. Hati haikuombwa. Wimbledon wakapokwa pointi 18 na kutupwa nje ya kombe la FA Trophy. Baada ya makelele na rufaa, pointi 18 zikawa 3, pamoja na faini ya pauni 400.

Hebu nisaidieni hapo, maana darasa letu lina wagumu wa kuelewa. Klabu nzima ikihama na jezi, jina na nafasi yake kwenye ligi, ruksa. Beki mmoja akirudi London kwa treni ya mwendo wa saa mbili, uhalifu wa kimataifa.

Msije mkadhani Wimbledon walikuwa na nuksi ya peke yao. Msimu mmoja kabla, Altrincham walipokwa pointi 18 hizo hizo kwa mchezaji aliyetokea Iceland bila hati. Wakaporomoka hadi mkiani mwa ligi, na kilichowaokoa ni kwamba klabu nyingine mbili zilitolewa na mambo yao wenyewe. Yaani haki yenu ilihitaji majirani wafe ndipo marehemu afufuke.

Sasa tupande ghorofani. Msimu ule ule wa Darlington, West Ham walibainika kuwa na mikataba ya pembeni kuhusu Carlos Tevez na Javier Mascherano, mikataba iliyompa mtu wa nje ya klabu sauti juu ya wachezaji, na ambayo hawakuiweka mezani kama kanuni zilivyotaka. Hapo hatuzungumzii katibu aliyesahau fomu. Mwezi Aprili 2007 hukumu ikatoka: faini ya pauni milioni 5.5, pointi sifuri. Miongoni mwa sababu, tume ya Ligi Kuu ilisema kukata pointi wakati ule kungewaumiza wachezaji na mashabiki wasio na hatia. Siku ya mwisho Tevez akafunga bao la ushindi Old Trafford, West Ham wakabaki, Sheffield United wakashuka.

Mashabiki wasio na hatia! Waheshimiwa, AFC Wimbledon inamilikiwa na mashabiki. Huruma hiyo ilikuwa wapi miezi michache kabla? Au ilikuwa bado inasubiri ITC yake?

Sunderland nao, mwanzoni mwa msimu wa 2013/14, walimchezesha Ji Dong-won aliyerudi kutoka Ujerumani bila hati hiyo hiyo, kwenye mechi nne za Ligi Kuu na moja ya Kombe la Ligi. Walipigwa faini, wala hakuna pointi iliyoguswa. Kwenye kombe waliwatoa MK Dons, ile klabu iliyopandwa Milton Keynes, wakaendelea hadi fainali hapo hapo Wembley, mlango wa pili kutoka ofisini kwenu.

Nisieleweke vibaya. Sitetei mamluki. Mwishoni mwa 2008, Droylsden walicheza na Chesterfield kwenye Kombe la FA: mechi ya kwanza ikavunjwa na ukungu, ya pili ikaisha 2-2, ya tatu taa zikazimika Droylsden wakiongoza 2-0, na ya nne wakashinda 2-1. Mabao yote mawili yalifungwa na Sean Newton, ambaye siku ile alitakiwa kukaa jukwaani kwa limbikizo la kadi za njano. Droylsden wakatolewa, Chesterfield wakaenda raundi ya tatu. Inauma, lakini mtu aliyefungiwa akifunga mabao mawili, mpinzani kadhulumiwa kweli. Hapo kanuni imefanya kazi yake. Darlington alimdhulumu nani? Alikuwa mchezaji halisi, wa klabu halisi, asiye na adhabu yoyote, aliyepungukiwa na muhuri.

Na mnalijua hilo. Ndiyo maana kanuni za leo za madaraja hayo zimeweka ukomo wa pointi 12, na zinaruhusu kulegeza kamba pale kosa linapokuwa ni ITC. Tunashukuru. Ila dawa hiyo imepunguza homa tu. Huko chini adhabu bado inaanzia kwenye pointi, mpaka mtu aoneshe kwa nini zisikatwe. Huko juu, adhabu za West Ham na Sunderland ziliishia kwenye pochi. Najua mtajibu kwamba Ligi Kuu ina kanuni zake na tume zake. Sawa, lakini mchezo ni mmoja, na ninyi ndio mnaojiita walezi wa mchezo wote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa heshima hiyo, tunaomba yafuatayo:

Mosi, mtangaze bei elekezi ya pointi moja, kama huku inavyotangazwa ya petroli, ili katibu wa klabu ndogo naye ajue achangishe kiasi gani kwenye bahati nasibu yake kabla rungu halijashuka.

Pili, kama bei hiyo haipo, faini ifuate mapato ya klabu na pointi zifuate madhara uwanjani, kwa Sunderland na kwa Droylsden sawasawa.

Tatu, mchezaji akisajiliwa na nyaraka zikakosa kitu, mfumo wenu umzuie kabla hajavaa jezi. Kumwacha acheze miezi kadhaa ndipo mmhesabie pointi ni kumvizia mtu.



Wenu katika ujenzi wa soka,
Mwanafunzi wenu wa Dar es Salaam.

Nakala: Kamati ya Saa 72, kwa taarifa. Msione haya tena. Walimu wenyewe walihitaji zaidi ya saa 72.