Jinsi ya Kuchagua Jina la Tovuti Yako Ukiwa Kindu

Umeamua kufungua tovuti yako binafsi. Hongera. Fuata hatua hizi tano, na jina lako litavuma kutoka Kasuku hadi Alunguli, ng'ambo ya mto.

1. Jaza majina yote. La ubatizo, la baba, la babu, kisha cheo: PDG. Kanuni za intaneti zinaruhusu hadi herufi 63 kabla ya nukta. Isibaki hata moja. Tia vistari katikati, halafu mtajie mteja anwani hiyo kwa simu ukiwa juu ya pikipiki. Asipoiandika sawasawa, masikio ni yake.

2. Tia jina la mkoa bila kuuliza. Kwenye karatasi za serikali ni Maniema. Jamaa zetu wa Ujiji na Dar es Salaam huandika Manyema. Wewe lipia moja tu. La pili mwachie mjanja, awapokee wageni wako wanaopotea njia.

3. Chagua mkia kizalendo. Wetu ni .cd, uliozaliwa 1997 Zaire ilipogeuka Kongo; .zr wa zamani ukafutwa 2001. Tahadhari: .cg ni wa Brazzaville. Mwenye busara husubiri kwanza nchi imalize kubadili majina, ndipo alipie.

4. Mwachie shemeji malipo. Muuzaji wa ng'ambo anataka kadi ya benki, nawe una pesa ya simu tu. Shemeji yuko Bruxelles, kadi anayo. Penye "mwenye jina" ajaze jina lake. Penye barua pepe, ya kwake. Nywila aitunze yeye. Ni undugu, karatasi za nini? Mwenye tovuti hasa ni nani, mtajua siku mtakapogombana juu ya mahari.

5. Usilipie tena. Jina la tovuti halinunuliwi, linapangishwa kama nyumba, mwaka kwa mwaka. Ila ukumbusho utakwenda kwa shemeji, kwenye sanduku la barua ambalo hafungui tena. Usione haya, wakubwa wamekutangulia. Mwishoni mwa 2020, anwani scpt-network.com iliachwa ikaisha muda. Nayo ilibeba baadhi ya seva zinazoielekeza dunia kwenye majina yote ya .cd, mkia unaosimamiwa na SCPT, shirika letu la posta na simu. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa kampuni ya Detectify ya Sweden, akaiwahi kabla ya wezi. Karibu nusu ya maulizo ya .cd yangeweza kupitia mikononi mwake. Kwa bahati alikuwa mtu mwema, akatoa taarifa. Ikiwa mkia wa taifa zima ulisahaulika, wewe unaweka tarehe ukutani kwa nini?

Wapo wabishi, bila shaka. Hao huchagua jina fupi ambalo hata mama muuza samaki analirudia bila kukosea. Shemeji wanamrudishia pesa yake, lakini fomu inabeba jina lao na barua pepe wanayoifungua kila siku. Mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, wameshalipa. Waache. Jina lako wewe litapata mpangaji mpya, mchezesha kamari, na wakwe watakaokutafuta mtandaoni watajua hatimaye fedha za mahari zilikwenda wapi.